Kuwasha gari dakika tano hakuchaji betri

Mhariri, mwangaluka. Mi ni msomaji wenu wa hapa Tabora, gazeti nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo, sasa kwenye ukurasa huu huu wa barua kuna ndugu yetu mmoja aliwashauri watu wanaopaki magari msimu wa mvua, akasema dawa ya betri isife ni kuwasha gari dakika tano kila wiki alafu unazima unaenda zako. Nilicheka kidogo alafu nikanyamaza, maana huo ushauri niliufuata mwenyewe misimu miwili na kila msimu nikanunua betri mpya.

Kwa wasiojua mambo ya huku, mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi na moja zinaenda mpaka wa nne hivi, na barabara za ndani huko Sikonge, Urambo na Kaliua zikishalowa gari ikiingia kutoka ni kazi. Afu tumbaku muda huo iko shambani, hakuna mzigo wa kubeba. Kwahiyo pikapu na Fuso kibao zinapaki chini ya mwembe miezi mitatu minne, yangu hata kuku walishataga nyuma kwenye bodi. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa ndo kila mtu anakumbuka gari yake, unazungusha funguo unasikia tik tik tik, kwisha habari. Unaita vijana wasukume, kwenye tope, wanatereza wanacheka, na bado haiwaki.

Sasa hesabu yenyewe alinipigia fundi umeme mmoja wa hapa mjini, mzee mtaratibu, nami nilibisha kwanza. Gari ikiwa imezimwa na umetoa funguo bado inakula umeme, kuna saa, kuna kumbukumbu ya redio, kuna alamu, kwenye gari mpya kuna kompyuta yake. Ni kidogo sana, tuseme milliampea 50, lakini haulali, ni usiku na mchana. Kwa siku moja hiyo ni ampea-saa 1.2 (ndo kipimo cha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri), kwa wiki 8.4, kwa mwezi 36. Betri yangu ni N70, ina ampea-saa 70 ikiwa mpya kabisa, maana yake mwezi mmoja tu nusu imeondoka na sijawasha hata taa. Haya, we unakuja jumamosi unawasha dakika tano. Injini inanguruma pale pale bila mwendo, altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inazunguka taratibu, hata tukiipendelea tukasema inaingiza ampea 10 kwenye betri, dakika tano ni kama ampea-saa 0.8. Umepoteza 8.4 umerudisha 0.8, na hapo bado hujatoa ile iliyoliwa na starta, na kama ni dizeli kama yangu kuna plagi za kupasha moto nazo. Nikakaa kimya.

Tena injini yenyewe inaumia maana haijapata joto, mvuke unabaki kwenye bomba la moshi unageuka maji. Kama unataka kuwasha basi toka nayo, endesha nusu saa au saa nzima barabarani, sio kuchungulia tu na kuzima.

Kinachoua betri sio kuishiwa chaji, ni KUKAA imeishiwa. Ndani kuna sahani za risasi na asidi, umeme ukitoka zile sahani zinavaa salfeti, ukichaji mapema inayeyuka inarudi kwenye asidi, ukiiacha wiki na wiki inakomaa inakuwa ngumu kama ukoko wa ugali kwenye sufuria na hapo hata uchaji siku tatu haitoki yote. Ndo maana betri ya mwaka mmoja tu inaweza kuwa imekufa na ya mwenzako ina mwaka wa tano.

Nina mpwa wangu yuko Kanada, nikamsimulia, akasema mjomba huku wao wanapaki magari miezi ile ile ya mvua zenu ila kwao ni theluji, na wanachomeka kichaja kidogo kinachojiendesha chenyewe kinakaa na betri majira yote ya baridi, ikijaa kinapunguza ikishuka kinaongeza. Nikamuuliza kwani baridi inaua betri? Akasema mjomba, betri iliyojaa haigandi kirahisi hata kwenye baridi kali, lakini iliyoishiwa asidi yake inabaki kama maji tu, inaganda kama barafu za mifukoni mpaka ganda linapasuka. Huku kwetu hatuna hiyo lakini tusijisifu, joto ndo baya zaidi, betri inavuja chaji yenyewe haraka kwenye joto kuliko kwenye baridi hata ikiwa imetolewa waya, na lile jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua.

Basi mi nafanya hivi. Siku napaki naipeleka kwanza ichajiwe ijae, na namwambia kijana wa kuchaji apeleke taratibu, kama ampea 7 kwa hii N70 yangu, alaze usiku kucha. Wengi wanakupigia chaji kubwa ili umalize uondoke, betri inachemka, maji yanakauka. Alafu nafungua waya wa hasi kwenye betri, spana namba 10, na ni hasi KWANZA jamani sio chanya, ukianza na chanya spana ikagusa bodi utaona cheche hujawahi kuziona. Wakati wa kurudisha hasi inakuwa ya mwisho. Saa itapotea na stesheni za redio utatafuta upya, sio msiba. Vichwa vya betri vikiwa na ule unga mweupe nachemsha maji naweka magadi kidogo nasugua na mswaki mzee, nakausha, napaka grisi. Maji nikiona yameshuka mpaka sahani zinaanza kuonekana naongeza yale ya betri ya dukani, sio ya kisima, na sio asidi, hapo watu wengi wanakosea maana chupa zinakaa jirani rafuni na zinafanana. Alafu kila mwisho wa mwezi napima na mita, gari ikiwa imelala: volti 12.6 nimeridhika, 12.4 naipeleka kuchaji, 12.2 hapo ni nusu na nimechelewa. Ikisoma chini ya 12 usinisimulie.

Mwenye kijipaneli cha sola nyumbani yeye kashatatua. Paneli ya wati 10 juu ya bati na kontrola yake, kile kidude kinachodhibiti chaji, hata msimu wa mvua jua letu linachomoza masaa kadhaa, inatosha kabisa kufidia kile kinachovuja. Ila usiunge paneli moja kwa moja bila kontrola, ile paneli inayoitwa ya volti 12 juani inatoa mpaka 17 na zaidi, itachemsha betri. Na unapochaji, iwe sola iwe umeme, usifungie chumba na usivute sigara hapo, kuna gesi inatoka inalipuka.

Wenye Fuso wana lao, zile ni volti 24, betri mbili zimefuatana, na kuna mafundi wanapenda kuchukua umeme wa redio kwenye betri moja tu. Ile moja inaisha nyingine imejaa, alafu unaambiwa zote mbovu ununue mbili. Ukinunua gari ya hivyo angalia waya wa redio unaenda wapi kabla hujalaumu betri.

Na ile habari ya kwamba betri ukiiweka chini kwenye sakafu ya saruji inanyonywa chaji, wazee wetu hawakudanganya, betri za zamani maganda yake yalikuwa yanavujisha, hizi za plastiki hazina tabu, weka popote pakavu ila mbali na watoto.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja, mtafuteni fundi umeme wa magari aandike kabla ya mvua hazijachanganya, sio mwezi wa tano watu wameshaumia. Na wauza betri nao tuwaombe wapime mbele ya mteja, maana betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa nayo imekaa tu kama ya kwangu chini ya mwembe. Mi nilishauziwa moja, duka silitaji, naing'oa kwenye boksi naambiwa mpya, nyumbani mita inasoma 12.1.

Leo asubuhi yangu imesoma 12.6. Kumeanza kutanda upande wa Urambo, ngoja nikafungue hasi.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora