Kabla Hamjaja Blackwater

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Umeniandikia kwamba Novemba mtakuja huku Maryland, na kwamba mkubwa anasoma shuleni habari za Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwani huku, kisha akarudi kuwaongoza wengine kwenda kaskazini kwenye uhuru. Nimefurahi mno. Tangu nistaafu, njia za Blackwater, hifadhi ya kinamasi huku kwetu, ndizo matembezi yangu, kwa hiyo safari hii niachie mimi niipange. Ila yapo mambo nataka uwaeleze watoto kabla hawajafika.

Kwanza hesabu. Vitabu vingi vya watoto vinasema alirudi kusini mara 19 akaokoa watu 300. Hesabu hiyo ilitiwa chumvi tangu karne ya 19. Watafiti waliopekua kumbukumbu wamefikia safari 13 hivi na watu 70 hivi, kati ya 1850 na 1860. Zaidi ya hao, wapo makumi aliowapa maelekezo tu wakaenda wenyewe, na hao ndio nataka watoto wawafikirie sana. Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika. Nchi hii yote, kijito kwa kijito, alikuwa nayo kichwani, na aliweza kumpa mtu mwingine kwa mdomo ikamfikisha.

Elimu hiyo aliipata kazini, kwenye kazi ya kulazimishwa. Alizaliwa 1822 katika wilaya hii ya Dorchester, na akiwa na miaka sita au saba alikodishwa kwa mtu mwingine, akatumwa kukagua mitego ya maskrati, wanyama wadogo wa majini wenye manyoya. Manyoya yao huwa mazito wakati wa baridi, kwa hiyo ndio msimu wa kutega. Mtoto huyo aliingia kwenye maji baridi ya kinamasi akiwa na surua. Alipokuwa mkubwa alifanya kazi ya kukata na kuburuta magogo, na baba yake, Ben Ross, alikuwa msimamizi wa wakata miti. Magogo yalipelekwa kwa vyombo hadi Baltimore, na mabaharia Weusi walioyabeba walirudi na habari: nani wa kuaminika, wapi kuna ulinzi. Waoneshe watoto mfereji wa Stewart, ulionyooka kama rula. Ulichimbwa kwa mikono ya watumwa na Waafrika huru kati ya 1810 na 1832, ili magogo yapite.

Viatu ni muhimu. Wavae vya kufunika vifundo, visivyopitisha maji. Porini kuna mti wa suitigamu, na tunda lake ni kijimpira kigumu cha miba, ukubwa wa ndimu ndogo, kina vishimo pande zote. Novemba yanakuwa yametapakaa chini ya majani makavu. Mpe mdogo moja alishike kiganjani, alibane kidogo tu. Kisha mwambie afikirie kulikanyaga peku, usiku, bila ruhusa ya kulia.

Suruali ziingizwe ndani ya soksi, maana kupe huku bado wapo hata baridi ikianza. Mkirudi nyumbani kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta amejishika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta: atatapika ndani ya kidonda, na hapo ndipo maradhi huingia. Mbu na pange watakuwa wamekwisha. Ndiyo sababu nimekataa mje Julai. Badala yao mtawakuta bata bukini kwa maelfu.

Sasa nyota iliyowaonesha watoro njia ya kaskazini. Kule kwetu Tanga nyota ya kaskazini haionekani, iko chini ya upeo, kwa hiyo hata wewe hukuizoea. Kosa la wengi ni kutafuta nyota inayong'aa kuliko zote; hii ni ya kawaida tu. Tafuta nyota saba zilizojipanga kama kata ya kuchotea maji. Chukua zile mbili za ukingo ulio mbali na mpini, uzifuate kuelekea juu ya kata mara tano ya umbali uliopo kati yao. Shida ni kwamba Novemba jioni kata imelala chini kabisa na misonobari inaiziba. Hapo tumia nyota tano zenye umbo la M zilizo upande wa pili, juu. Kwa hapa, nyota yenyewe iko ngumi nne kasoro kidogo kutoka upeo wa macho, mkono ukiwa umeunyoosha.

Mawingu yakitanda, mto Choptank unasaidia, kwa kuwa chanzo chake kiko Delaware, kaskazini mashariki. Lakini sehemu za chini maji hujaa na kupwa kama baharini, na anayefuata mkondo bila kujua atajikuta anarudi alikotoka. Ukoga wa kijani wa kwenye magome, unaosemwa huota upande wa kaskazini, usiuamini. Penye unyevu namna hii huota pande zote.

Watoto watauliza kwa nini watumwa aliowaongoza walitoroka Jumamosi usiku. Jumapili haikuwa siku ya kazi wala magazeti hayakuchapwa, hivyo tangazo la kuwatafuta lilichelewa mpaka Jumatatu. Yeye na kaka zake wawili walipoondoka Septemba 1849, tangazo liliahidi dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo. Kaka zake walirudi naye. Baadaye akaondoka tena, peke yake.

Tutapita Bucktown pia, kwenye duka alipopigwa kichwani kwa jiwe la mizani la ratili mbili, angali kijana. Tangu siku hiyo usingizi ulimshika ghafla popote, hata njiani, na waliokuwa naye hawakuwa na la kufanya ila kungoja aamke.

Misonobari iliyokufa wima mtakayoiona imeuawa na chumvi. Bahari inapanda na ardhi inatitia. Zaidi ya ekari 5,000 za kinamasi zimekwisha kuwa maji tangu miaka ya 1930. Hata mahali pa nyumba ya Ben Ross, palipogunduliwa na kutangazwa 2021 baada ya kuokotwa sarafu ya 1808, ni chepechepe. Ndiyo maana nakuhimiza uwalete sasa, wasisubiri wawe wakubwa.

Siku za bamvua baadhi ya barabara hufunikwa na maji, basi nitaangalia majedwali ya maji kwanza kisha nikupigie. Jua litazama saa kumi na moja kasorobo, na hifadhi hufungwa giza likiingia. Nyota tutazitazama uani kwangu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Mlete taa yenye mwanga mwekundu, nyeupe itatuharibia macho yaliyokwisha zoea giza. Chai na chapati nitafunga mimi.

Mama yako