Mhariri, mapenzi ya gesti yanatulaza

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wa ile hadithi yenu ya mfululizo, ya mapenzi na upelelezi, gazeti nanunua kwa ajili yake na sioni aibu kusema, siasa nazisoma baadae nikiwa nasubiri daladala. Sasa hii wiki ya tatu mnatukosea. Steringi na yule dada wamejifungia gesti, wauaji wanawasaka mji mzima, wao huko ndani wanasifiana macho, sehemu tatu nzima jamani, alafu pale chini ITAENDELEA. Inaendelea nini? Wauaji nao wamelala?

Sio kwamba najifanya mjuaji, shimo hilohilo na mimi nimelidumbukia. Mwaka jana nilikuwa narusha hadithi yangu kwenye grupu la WhatsApp kila Jumatano na Jumamosi usiku, watu wananitumia mia tano mia tano wapate sehemu inayofuata. Kuna dada mmoja msusi huku kwetu Mbagala, alikuwa anawasomea wateja kwa sauti mapumziko ya kusuka. Siku hiyo akaniandikia, "Kaka hawa watu wameshalala chumba kimoja mara mbili, mi sasa nasubiri nini?" Nikachukia, nikamjibu we subiri utaona, lakini ukweli sikuwa na cha kumuonyesha. Nilikuwa naendesha hadithi mbili kwa zamu, Jumatano wanakimbizwa Jumamosi wanapendana, mapenzi yakianza risasi zinanyamaza, risasi zikianza steringi anasahau kama ana mpenzi.

Hadithi yenyewe, Zaituni ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, baba yake kauawa, anawatafuta waliomuua, na anayemsaidia ni dereva bajaji anaitwa Kassimu. Kassimu mwema toka mwanzo mpaka mwisho, hana doa, na ugonjwa wote ulikuwa hapo. Nikakaa na daftari nikabadilisha kitu kimoja tu. Usiku ule waliomuua mzee walipanda bajaji ya Kassimu. Hakujua wanaenda kufanya nini, aliwasubiri nje, akaona mzee anatolewa, akapewa elfu thelathini akafunga mdomo, na hela yenyewe akalipia kodi ya chumba. Msomaji anajua hayo kuanzia sehemu ya pili, Zaituni hajui. Basi bwana, habari ya zamu ikafa palepale, maana Zaituni akimletea tu Kassimu wali kwenye kontena la plastiki we unayesoma roho inadunda, na Kassimu kadri anavyozidi kumpenda ndo kusema kunazidi kuwa kugumu, angesema siku ya kwanza angepigwa kofi tu, akisema leo anapoteza kila kitu.

Ile sehemu ya kubusiana gesti nikaifuta, nikawapeleka kwenye pantoni ya Kigamboni, saa moja jioni, watu wamebanana kama dagaa. (Msomaji mmoja wa hukohuko Kigamboni akaniuliza mbona hawakupita darajani, daraja lipo toka 2016. Kweli bwana, ikabidi niongeze kwamba bajaji imeshatambulika kwa hiyo wameitelekeza Feri wanavuka kwa miguu. Wasomaji hawa usiwachezee.) Raha ya pantoni ikishaondoka hushuki. Kassimu anawaona wawili wa wale jamaa wamesimama upande wa magari, na anajua wakimuona watamsalimia kwa jina mbele ya Zaituni. Anageuka, anamuinamia Zaituni, uso wake wote anauficha kwenye mtandio wa yule dada. Zaituni anaganda kidogo, alafu anaweka mkono mgongoni kwake, mara ya kwanza toka waanze kujuana. Yeye anadhani ni mapenzi, na ni mapenzi kweli, ila ni kujificha pia, na hata Kassimu mwenyewe hajui kipi kimezidi. Hawajabusiana hata. Yule msusi alinitumia voisi ya dakika nne.

Mtasema wasomaji wanapenda mambo moto. Tunapenda, nani kakataa, na yule msusi anapenda kuliko wote, ila anataka watu wakitoka kitandani kuna kitu kimeharibika, mlango haukufungwa, simu imesahauliwa kaunta, mtu kataja jina usingizini. Marehemu Ben Mtobwa, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, alipompa mpelelezi wake Joram Kiango yule Nuru hakumpa pambo la kitandani, dada anaingia kazini kabisa na roho yake iko rehani kama ya mwenzie, ndo maana hao wawili wakiwa pamoja huachi kusoma.

Alafu na hiyo ITAENDELEA yenu. Mlango unagongwa, tunasubiri wiki nzima, kumbe mhudumu kaleta maji. Mnaturudia mara ngapi na mlango huohuo? Mi sehemu iliyoniletea simu nyingi kuliko zote haikuwa na bastola wala mlango. Zaituni analia, Kassimu anamtuliza, anamwambia mzee wako pole yake, hata kandambili moja ilimvuka pale getini. Zaituni ananyamaza. Anajifuta machozi. "Kassimu, hiyo ya kandambili nani kakwambia?" Nikakata hapo. Kuna mtu alinitumia elfu mbili saa sita usiku anataka sehemu inayofuata na mi mwenyewe nilikuwa sijaiandika.

Kwa hiyo naomba mumfikishie mwandishi wenu, asituue, awatoe hao watu gesti kabla ya toleo lijalo. Na kama amekwama, sehemu ya tisa simu ya yule dada iliita mara mbili yuko bafuni, steringi akaiangalia akaigeuza kifudifudi, mpaka leo hakuna aliyeuliza nani alikuwa anapiga.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam