Kabla Hujalipia Mfuko Mzima

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na shemeji na watoto nao nawasalimu. Sisi hatujambo, miguu inauma kidogo lakini tunadunda. Najua nina deni la barua kwako la siku nyingi na najua utaanza kwa kunisimanga. Nisimange baadaye. Kwanza soma hii mpaka mwisho, kabla hujampa mtu yeyote hela.

Mwalimu ndiye aliyenipasha. Anasema umeshaweka miadi ya kupimiwa fimbo za gofu zikufae mwili na mpigo wako, tena mfuko mzima, kuanzia draiva, ile ndefu ya kupigia mbali, mpaka pata ya kuusukumia mpira shimoni, na kwamba ulipotajiwa ada ulinyamaza kwa muda kisha ukasema tu, "Haya." Akaongeza, kwa ile sauti yake unayoijua, kwamba yeye anacheza na fimbo alizorithi na bado anakufunga. Hilo la kukufunga tuliache, siingii ugomvi wa watu. Lakini la ada limenikaa kichwani tangu juzi. Si kwamba ni kubwa. Ni kwamba wewe unaiona ada, na gharama yenyewe imejificha nyuma ya hiyo ada.

Hebu tuanze na unacholipia. Unalipia muda wa fundi na mashine yake. Kupimiwa draiva peke yake kunaweza kuchukua saa nzima, fimbo za chuma, zile zenye namba, nazo kadhalika, na mfuko mzima ukifanywa kwa uangalifu unakula nusu siku. Mashine zenyewe si vitu vya kuchezea: ile TrackMan ya Denmark inaufuata mpira kwa rada, na nyingine kama GCQuad ina kamera nne zinazopiga picha pale pale fimbo inapokutana na mpira. Inakwambia kasi ya mpira, pembe ya kupaa, na mpira unajizungusha mara ngapi kwa dakika. Mtu aliyeinunua lazima hela yake irudi, na inarudi kwa njia mbili: akutoze kwa kukupima, au akuuzie fimbo.

Hapo ndipo penye neno. Wanaokwambia "kupimwa ni bure ukinunua", hiyo bure wameshaiweka ndani ya bei, na fundi ana kila sababu ya kutaka utoke na mzigo. Wengine wanakutoza, halafu ukinunua wanaikata ada kwenye bei. Hao afadhali, ila nao wana mtego wao: mtu hataki ada yake ipotee, basi ananunua seti nzima ili kuiokoa ada ambayo haifiki hata bei ya fimbo zake mbili. Mimi nampenda yule anayetoza ada kamili na hajali ununue au usinunue. Siku ile inauma, sikatai. Lakini unapata neno la mtu asiyesubiri chochote kutoka mfukoni mwako. Je, huyo wako ni wa aina gani? Mwalimu hakujua, na nilipombana akabadilisha mazungumzo.

Sasa umkumbuke Mrefu. Alikwenda kupimiwa draiva. Kichwa cha draiva alikuwa ameshakichagua, bei anaijua, amejipanga. Akatoka na bei karibu mara mbili. Kilichomponza ni mpini, ile fito ndefu kati ya kichwa na mshiko. Makampuni huuza kichwa pamoja na mipini kadhaa isiyo na nyongeza, unachagua unaokufaa. Kando yake kuna ukuta wa mipini mingine yenye rangi za kuvutia, na mmoja wapo unaweza kuwa na bei inayokaribia ya kichwa chenyewe, mwingine ukaizidi. Fundi anakuwekea huo, unapiga mpira mmoja mzuri, mnautazama wote kwenye kioo cha mashine, na mwili wako umeshachangamka baada ya mipira mingi. Nani atasema hapana? Mrefu hakusema hapana. Na bado anaupeleka mpira msituni, ila sasa unafika mbali zaidi ndani ya msitu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja tu, na ukisahau mengine yote shika hili: "Katika mipini isiyo na nyongeza, uliokaribia huu ulinipa namba gani?" Mwambie akuonyeshe zote mbili pamoja. Usikubali kuonyeshwa mpira mmoja bora. Taka kuona ilivyotawanyika yote, mibaya ikiwemo, kwa sababu uwanjani ile mibaya ndiyo inayoandikwa kwenye kadi. Tofauti ikiwa ya hatua mbili tatu, weka hela yako mfukoni. Ikiwa mpini wa nyongeza unaikusanya mipira yako pamoja na ule mwingine unaitawanya, hapo nunua na wala usinung'unike, nitakuunga mkono.

Na usidanganywe na herufi. R, S, X zilizoandikwa kwenye mipini kuonyesha ugumu wake, R ikiwa ya kawaida, S ngumu, X ngumu zaidi, hazina kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. R ya huyu yaweza kuwa ngumu kuliko S ya yule. Nakwambia hivi kwa sababu nakujua, utataka S ili watu waione. Hakuna anayeitazama, rafiki yangu. Uzito ndio wa kuangalia zaidi: mpini wa chuma kwa fimbo za chuma huwa kama gramu 90 mpaka 130, wa grafiti huwa mwepesi kuliko huo kwa mbali, na mgongo wako unaoulalamikia kila ukifika shimo la kumi na nne unaijua tofauti hiyo kuliko mashine yoyote.

Nirudi kwenye ada, maana nimeanza kutangatanga.

Kuna vitu vya kupimwa ambavyo kuvirekebisha ni rahisi, na hivyo ndivyo ningetaka uanze navyo. Urefu wa fimbo, unene wa mshiko, na ulalo. Ulalo ndio ninaokusudia hasa. Ni ile pembe kati ya mpini na ardhi fimbo inapokaa chini. Ukiwa mdogo kuliko unavyotakiwa kwa umbo lako, ncha ya kichwa inagusa ardhi kwanza na kwa sisi wa mkono wa kulia mpira unaelekea kulia. Ukizidi, kisigino kinagusa kwanza na mpira unakwenda kushoto. Na kadiri uso wa fimbo unavyoinama zaidi, ndivyo kosa linavyoonekana zaidi, kwa hiyo fimbo fupi zinaadhibu kuliko ndefu.

Sasa sikiliza. Wewe si ndiye uliyelalamika kwamba na namba 9 unapiga safi, unausikia mpira mikononi, halafu unatua kulia mwa grini, pale penye shimo? Na draiva haikupi shida? Mtu mwenye kasoro ya mpigo kwa kawaida kasoro hiyo inamfuata mpaka kwenye draiva, tena huko inazidi. Yako inakuja fimbo zikifupika. Na hizo fimbo uliuziwa na daktari, na daktari unamjua kimo chake. Nina hakika nusu na robo kwamba unacheza na ulalo wa daktari.

Hizo ni PING, kama sijasahau. Tazama nyuma ya kichwa, kuna kidoa kidogo cha rangi. Karsten Solheim, aliyeianzisha hiyo kampuni mwaka 1959, alikuwa mhandisi wa General Electric aliyeudhiwa na pata yake mwenyewe, na kampuni yake ndiyo iliyoanza kuweka rangi kuonyesha ulalo wa kila seti. Cheusi ni ulalo wa kawaida. Rangi nyingine maana yake fimbo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu fulani, na huyo fulani si wewe. Nenda sasa hivi ukaangalie, barua hii haitakimbia.

Umerudi? Ni rangi gani?

Kama si cheusi, basi huenda dawa ya nusu ya matatizo yako ni kuzikunja hizo hizo ulizo nazo. Fundi anaibana fimbo kwenye mashine na kuivuta digrii moja au mbili. Gharama yake ukiilinganisha na seti mpya ni kama hakuna. Neno moja la tahadhari: chuma kilichofuliwa hukunjika kwa urahisi, cha kumiminwa ni kigumu na hakitaki kuvutwa sana, kikilazimishwa kinaweza kukatika. Kwa hiyo usimpe mtu yeyote tu mwenye mikono yenye nguvu. (Simtaji jina, lakini unajua ninayemsema na unajua ile fimbo iliishia wapi.)

Ndiyo maana nasema mfuko mzima wa nini? Kanuni zinakuruhusu fimbo 14, hazikulazimishi kuzipimia zote 14 siku moja. Wataka kulipia draiva ambayo hujailalamikia? Ningekuwa wewe ningelipia fimbo za chuma peke yake, na ningemwambia fundi tangu mlangoni: kwanza nipime na hizi zangu. Akikataa kuzigusa za zamani, akaanza moja kwa moja kukuvalisha mpya, umeshajua umefika kwa nani.

Halafu kuna mtego ambao hakuna anayekutajia. Tuseme umenunua seti mpya ya chuma. Wedji, ile fimbo fupi ya kupigia karibu, inayokuja na seti za siku hizi mara nyingi uso wake umeinama digrii 43 mpaka 45 tu, wakati za zamani zilikuwa 47 au 48. Wanausimamisha uso ili mpira uende mbali na wewe ufurahi dukani. Ukifika uwanjani unakuta kati ya hiyo na wedji yako ya mchanga kuna pengo la kutisha, hatua nyingi ambazo huna fimbo yake. Basi unarudi kununua nyingine ya kuziba pengo, na pengine ya pili. Mrefu yuko hapo sasa hivi. Alianza na draiva, akaja kwenye chuma, sasa anaulizia wedji. Nilimwuliza jumla yote imefika ngapi, akasema hajapiga hesabu. Mrefu huyo huyo anayehesabu chenji mara mbili!

Mwalimu naye anasema usipimwe kabisa mpaka mpigo wako utulie. Hapo simkubalii yote. Kama umeanza kujifunza na mpigo unabadilika kila wiki, kununua mpini wa gharama ni kweli ni mapema. Lakini kimo chako hakibadiliki na mikono yako hairefuki. Mtu anayejifunza na fimbo zenye ulalo mbaya anajifunza kuupindisha mwili ili kuzifidia, na baadaye analipa tena kumtoa mwalimu wa gofu jasho ili ayafute hayo. Ingawa vipimo vya mwili navyo si msahafu. Yuko DeChambeau, yule mchezaji wa Marekani, aliyecheza na fimbo zote za chuma zikiwa na urefu mmoja, inchi 37.5, na makombe akabeba. Mimi na wewe si DeChambeau, lakini umenielewa.

Kitu kingine kabla sijasahau. Ukishalipa ada, karatasi ya vipimo ni yako. Idai. Urefu, ulalo, jina na uzito wa mpini, unene wa mshiko, yote yaandikwe. Kuna wanaokunyima mpaka ununue kwao, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ukiwa na karatasi hiyo unaweza kutafuta fimbo zilizotumika zenye vipimo vinavyokaribia, ukazirekebisha kidogo, na ada yote ikawa imejilipa. Na siku hiyo usiende ukiwa umechoka, nenda na kiatu unachochezea, na kama kuna sehemu ya kupigia kwenye majani badala ya mkeka, omba majani. Mkeka unasamehe, fimbo ikigota chini kabla ya mpira inateleza tu na unadhani umepiga vizuri.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Nilitaka pia kukuuliza habari ya ile safari yenu na ugomvi wa shemeji na jirani, lakini sasa naona hata nikianza...

Nijibu basi, tena upesi. Kidoa ni cha rangi gani? Miadi ni lini hasa, na umeshatoa malipo ya awali? Kama umetoa, wanakubali uibadilishe iwe fimbo za chuma tu? Ada wanaikata ukinunua au haikatwi? Fundi mwenyewe unamjua, au umepelekwa na Mrefu? (Naomba isiwe Mrefu.) Mgongo unaendeleaje? Daktari bado anacheza, na siku hizi anatumia fimbo gani? Na shemeji anajua kuhusu hii ada, au barua hii uichome ukishaisoma?

Wako mdeni wa barua,
yule yule