Biriani ya watu mia si ya watu sita mara kumi na saba

Ndugu Mhariri,

Kila sikukuu za Wahindu za Navaratri na Diwali zinapokaribia, na tena misimu ya Idi na harusi, kurasa za mapishi magazetini hujaa biriani, sambusa, dengu na jalebi. Mapishi yenyewe ni mazuri, ila karibu yote yameandikwa kwa familia ya watu sita. Mwenye shughuli huchukua kalamu, akazidisha kila kitu kwa kumi na saba, akamkabidhi mpishi orodha ya sokoni na kumwambia watu ni mia. Shughuli imeshaanza kuharibika hapo, kabla jiko halijawashwa. Tunaomba nafasi kidogo tueleze kwa nini.

Sufuria kubwa haifanyi kazi kama ndogo. Maji hukaukia juu, kwenye uso wa sufuria, na ukiongeza chakula mara kumi uso huo hauongezeki mara kumi. Kilo moja ya basmati iliyolowekwa nusu saa, ukiipikia pilau nyumbani, hunywa lita moja na nusu hadi moja na robo tatu. Kilo kumi hazihitaji lita 17. Lita 13 au 14 zinatosha, na ukizidisha hapo unapakua bokoboko. Karafuu, iliki na mdalasini navyo havizidishwi moja kwa moja, kwa sababu vinakaa kwenye moto muda mrefu zaidi na mvuke wake hautoki. Anza na theluthi mbili ya hesabu yako. Chumvi pima kwa mizani, tia robo tatu, onja, ndipo uongeze.

Vitunguu vya kukaanga ndivyo vinavyowaangusha wengi. Biriani ya watu mia inataka kilo sita za vitunguu maji kwa kukaanga tu, na vikishakauka hubaki kama kilo moja na nusu. Ukivimwaga vyote kwenye karai kwa mkupuo mmoja, mafuta hupoa, vitunguu hutoa maji na kuanza kutokota, na havitakuwa vya dhahabu hata ungoje saa nzima. Kaanga kilo moja moja katika lita mbili za mafuta, na uvitoe vikiwa bado vya manjano iliyoiva, maana vinaendelea kukolea rangi vikiwa kwenye chujio. Vikiungua kidogo tu, uchungu wake huenea kwenye rosti yote na hakuna sukari wala nyanya itakayouondoa. Kazi hii ifanyike siku moja kabla. Vitunguu vikavu vilivyofunikwa vizuri havina haraka.

Mchele wa biriani unaochemshwa na kumwagwa maji una mtego wake. Vitabu husema utoe ukiwa umeiva saba ya kumi. Hiyo ni kweli kwa kilo moja, inayochujwa kwa nusu dakika. Kilo sita huchukua dakika kadhaa kuchuja, na muda wote huo mchele unaiva kwa joto lake wenyewe. Utoe ukiwa sita ya kumi: punje ivunjike ukiibana kwa vidole, lakini katikati iwe na nukta nyeupe ngumu. Maji yake yawe na gramu 20 za chumvi kwa lita, kwa kuwa mengi yatamwagwa. Kama una wasiwasi, nunua basmati ya sela, ule mchele wa manjano uliochemshwa na ganda lake kiwandani. Unalowekwa saa moja au mbili na hauvunjiki kirahisi. Wapo wanaoudharau kwa harufu yake ndogo. Kwa watu wanne tunakubaliana nao, lakini kwa watu mia tunauchagua bila kusita.

Usipange zaidi ya kilo sita za mchele katika sufuria moja, kwa sababu uzito wa juu unaponda wa chini. Kwa watu wazima mia ambao biriani ndiyo chakula chao kikuu, weka mchele kilo 12 katika sufuria mbili, nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo 16 hadi 18, viazi kilo 8, mtindi kilo 4, nyanya kilo 5, samli kilo moja na nusu, tangawizi na thomu nusu kilo kila kimoja, na zafarani gramu 4 iliyolowekwa katika maziwa ya vuguvugu. Watoto wahesabu nusu. Ikiwa mezani pana vyakula vingine vikubwa viwili, mchele ushuke hadi kilo 8. Papai bichi la kulainishia nyama lipakwe saa moja au mbili tu kabla ya kupika. Likilala usiku kucha, nyama huchambuka ikawa nyuzi.

Sasa saa. Mwenye shughuli akisema chakula ni saa saba mchana, hesabu inarudi nyuma kutoka hapo. Saa sita na nusu sufuria iwe imeshashuka na imefungwa bado. Saa tano na nusu mchele na rosti viwe vimepangwa, mfuniko umezibwa kwa unga uliokandwa, tawa la chuma liko chini ya sufuria ili isishike, na makaa machache yako juu ya mfuniko. Saa tano kamili mchele unachemka. Rosti inaanza saa mbili asubuhi. Nyama ililala kwenye jokofu ndani ya mtindi na viungo tangu jana, bila papai. Mpishi anayetaka kumaliza kila kitu alfajiri ili apumzike mkataeni, hata kama biriani yake ni tamu.

Kukataa huko kuna sababu. Mchele hubeba mbegu za bakteria wa Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukipasha moto tena. Kwenye sufuria nzito za nyama na dengu yupo mwingine, Clostridium perfringens, anayependa chakula kingi kinachopoa polepole. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi chini ya 5. Kikiwa katikati ya hapo kisizidi saa mbili, na katika joto la pwani, hewa ikipita nyuzi 32, kisizidi saa moja. Kipimajoto cha jikoni ni kifaa kidogo na kinafaa kuliko mabishano. Chakula kinacholazimika kupikwa jana kigawanywe mara moja katika trei zenye kina kisichozidi sentimita 5, kipoe na kuingia kwenye jokofu. Usiingize sufuria nzima ya lita 40, kwa sababu katikati yake itabaki na joto hadi asubuhi.

Yote hayo ni ya jikoni. Kosa kubwa zaidi hufanyika sebuleni, pale mwenye shughuli anapotaja idadi bila kutaja walaji. Watu mia si kundi moja, na neno “mboga” halimwelezi mpishi kitu. Waswaminarayan, ambao ni dhehebu la Kihindu, wengi wao hawali kitunguu wala thomu, lakini viazi wanakula. Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini kutoka India, hawali kitunguu, thomu, viazi, karoti, tangawizi mbichi wala chochote kilichochimbwa ardhini, na walio makini humaliza kula kabla jua halijazama, ambapo kwa Dar es Salaam ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Karamu ya saa mbili usiku inawaacha na njaa hata ukiwapikia sawasawa. Mhindu aliyefunga wakati wa Navaratri huacha nafaka na kunde kama dengu, na kula viazi, muhogo, karanga, sabudana ambayo ni punje za wanga wa muhogo, unga wa rajgira ambao ni mbegu za jamii ya mchicha, na chumvi ya mawe. Kwa hiyo muhogo anaoutegemea Mhindu aliyefunga ndio Mjaini asiougusa. Ukiweka sahani moja ya “wasiokula nyama” umewakosa wote wawili. Hata hing ya dukani, kile kiungo cha utomvu chenye harufu kali, huwa imechanganywa na unga wa ngano mara nyingi, na kijiko chake kimoja kinatosha kumharibia mtu mfungo. Wengi wao mayai nao hawali, kwa hiyo keki iagizwe isiyo na mayai, na jeli isiwe ya gelatini ya mnyama.

Upande wa wala nyama nao una mipaka yake. Waislamu wanataka nyama ya halali kutoka kwa mchinjaji anayejulikana. Waithnaasheri, ambao ni Waislamu wa Kishia, hawali samaki wasio na magamba, wala kaa, pweza na ngisi, ila kamba wanakula. Wahindu wanaokula kuku na mbuzi hawali ng'ombe, hivyo katika shughuli ya mchanganyiko sambusa za ng'ombe zisiwepo kabisa. Kalasinga wengi hawali nyama iliyochinjwa kwa ibada. Mgeni akikosa uhakika wa nyama hatauliza, ataweka sahani chini tu na kunywa soda. Mabohora, nao Waislamu wa Kishia, wanaokula kwenye sinia hawahesabiwi kwa sahani. Sinia moja ni watu kama wanane, huanza na chumvi, na kitamu hutangulia kabla ya chakula cha chumvi. Wageni mia ni masinia 13, na kila kipande, kiwe sambusa au kuku, kihesabiwe kwa nane.

Mafuta ndiyo yanayosahaulika. Karai lililokaanga sambusa za nyama likikaanga bajia, bajia hizo si za mboga tena, hata ukiandika kibao. Tenga karai, mafuta, chujio na upawa tangu asubuhi, na uzifunge alama kwa uzi au rangi. Vidonge vya supu ya nyama au kuku vikae mbali na dengu. Korosho na karanga zilizosagwa ndani ya mchuzi mzito zitajwe mezani, maana hazionekani na zipo koo zinazofunga kwa sababu yake.

Pale wageni ni wa kila dini na fedha ni ndogo, tunashauri mwondoe nyama kabisa. Gurdwara, yaani hekalu la Kalasinga, ya Makindu nchini Kenya, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, inalisha wasafiri wa kila imani bila malipo, na chakula chake hakina nyama. Kwa watu mia wa meza ya namna hiyo: mchele kilo 7, dengu au mbaazi za kupaazwa kilo 4 na nusu, panir, ile jibini laini ya Kihindi, kilo 5, mboga mbili za kilo 10 kila moja zikiwa zimeshamenywa, na puri 400 ambazo ni unga kilo 7. Mbaazi ziwe za hapa hapa, za Babati au Lindi, kwani ndizo hizo hizo zinazosafirishwa kwenda India kupikwa dali. Kiri ya maziwa lita 13, mchele kilo moja, sukari kilo moja na robo, ipikiwe kwenye karai pana. Kwenye sufuria ya kina, maziwa hayapungui na chini yanashika.

Puri zikaangwe wageni wakiwa wameketi. Kachumbari ikatwe mapema, lakini chumvi na ndimu vitiwe dakika za mwisho, la sivyo inaogelea. Nyama ya sambusa ipoe kabisa na ikauke kabla ya kufungwa, kwani yenye unyevu hulainisha manda na kupasukia kwenye mafuta. Vitamu vya maziwa kama barfi na penda viagizwe vya siku hiyo hiyo. Vitafunio vikavu kama chevda, ganthia na nankatai vinaweza kutengenezwa wiki moja kabla. Meza ya kupakulia ipangwe watu wapite pande mbili, maana kwa upande mmoja mtu wa mia atafika baada ya dakika 40 au zaidi, na chakula chake kitakuwa kimepoa.

Mpeni mpishi karatasi moja: wanaokula nini na wangapi kwa kila kundi, saa ya kupakua si saa ya kadi, nani analeta sufuria na mtungi wa pili wa gesi, na masalio yanakwenda wapi. Hilo la mwisho liamuliwe mapema, pamoja na vyombo vya kufungia na gari. Kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kitupwe. Kilichobaki jikoni kikiwa cha moto kigawiwe kwanza, kabla ya vyombo kuoshwa.

Wapishi wa shughuli,
Kisutu, Dar es Salaam