Barua kwa wanangu mliotundika daluga mkashika filimbi

Wanangu wa Tabora, mwangaluka.

Naandika nikiwa na uchungu. Jumamosi iliyopita nilikaa kivulini pale Isevya kutazama watoto wa miaka kumi na miwili wakicheza. Kocha ni mmoja wenu, namjua tangu akiwa winga machachari wa mji huu. Dakika ya nane beki wake alipokonywa mpira, wakafungwa. Akamtoa, akamvua jezi mbele za watu, akamwambia, "Mimi umri wako nilishacheza na wakubwa." Mtoto akaenda kukaa nyuma ya mwembe, kifua wazi, anang'oa nyasi moja moja. Benchi zima halikugeuka. Maji nilimpelekea mimi.

Nani aliwaambia kwamba aliyecheza vizuri anajua kufundisha?

Zamani, nikiwa karakana ya reli, fundi mmoja wa Kanada alitusimulia mchezo wa kwao, mpira wa magongo wa barafuni: watu sita kila upande, viatu vina chuma chembamba chini, wanagombea kisahani kigumu cha mpira. Shujaa wake alikuwa Toe Blake wa timu ya Montreal Canadiens. Januari 1948 Blake alivunjika kifundo cha mguu, kwake ligi kuu ikaishia hapo. Jina analo, Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, ameshalibeba. Angeweza kukaa nyumbani akingoja kuitwa. Yeye alishuka madaraja ya chini, Houston, Buffalo, Valleyfield, akajifunza ukocha kwa miaka kadhaa. Canadiens walipomkabidhi timu 1955, alimkuta Maurice Richard, aliyewahi kucheza naye safu moja ya ushambuliaji, mtu wa hasira za moto. Akaishi naye. Walitwaa kombe mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960, na Blake alipong'atuka 1968 alikuwa amefikisha manane kama kocha.

Halafu kuna Wayne Gretzky, mchezaji ambaye pointi zake kwenye ligi ile hakuna aliyezifikia. Alifundisha timu ya Phoenix misimu minne, 2005 hadi 2009, na hata mara moja timu haikuvuka kwenda mtoano. Simdharau hata kidogo. Nataka mwone kwamba kile mguu wako ulichokifanya bila kufikiri, mtoto anahitaji aelezwe polepole, mara ya kumi, bila kutukanwa.

Mengine mnayajua: nendeni kozi, mwe na daftari, msinywe siku ya mechi, nauli za watoto msiziguse.

Na sisi wazee na viongozi tuna deni. Kijana anaumia goti, bima hana, kazi hana, tunampa filimbi kama mkono wa pole na kumwita mwalimu. Hatumpeleki kusoma wala hatumlipi. Machungu yake anayamalizia kwa watoto, nasi tupo pembeni ya uwanja tunacheka. Hata wazazi Jumamosi walicheka, nimewasikia kwa masikio yangu.

Yule beki hajarudi mazoezini. Kwao napajua. Kocha wake akisoma barua hii, anipitie Jumapili jioni twende pamoja, na ile jezi aje nayo.