Mapishi kwenye maktaba ya shule yanawezekana, moto ubaki nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye barua za wasomaji maana hili jambo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza mkoani Tanga, nafundisha Kiswahili na pia ndo nimekabidhiwa maktaba, yaani chumba kimoja, makabati matatu, mikeka na vitabu vingi vya msaada. Nilivyopeleka wazo la kufanya mambo ya mapishi kwenye kipindi cha maktaba mwenzangu mmoja akaniambia "mwalimu, maktaba sio jikoni". Najua wako wengi wanaowaza hivyo hivyo kwenye shule zingine.

Kilichonipeleka huko ni hiki. Kwa ule mpangilio wa namba wa Dewey vitabu vya upishi vinakaa 641.5, na sisi tunavyo sita, vyote vya Kiingereza, picha za keki zenye stroberi na oveni za umeme. Watoto wanafunua picha, wanarudisha. Mtoto ambaye kila jioni anakalia mbuzi kukuna nazi kwao anaona kabisa kwamba mapishi ya kitabuni ni ya watu wengine, na hilo liliniuma.

Kwa hiyo tulianza na kuandika kwanza, hakuna sufuria wala nini. Kila mtoto wa darasa la nne akamuulize bibi au mama au shangazi chakula kimoja kinapikwaje, aandike, alete. Jamani, karibu wote wameandika "chumvi kiasi", "tui kiasi", "moto kiasi", mpaka binti mmoja akanyoosha mkono akauliza mwalimu, kiasi ndo ngapi? Sikuwa na jibu. Tukamwalika bibi wa mwanafunzi mmoja ambaye anauza vitumbua asubuhi, akaja na ndoo ya mchele aliouloweka usiku kucha akausaga na tui, tukamwambia bibi weka hamira kiasi kama siku zote. Akamimina kwenye kiganja. Tukamzuia hapo hapo kabla haijaingia kwenye ndoo, watoto wakaipima kwa kijiko cha chai, kikatoka kijiko kimoja na nusu, akacheka sana, akasema miaka yote hiyo hajawahi kujua kama ana kipimo! Ndo akawaelezea na pishi, kwamba pishi moja ni vibaba vinne, na pale watoto wakashtuka kumbe kile kibaba cha haba na haba ni chombo cha kweli kabisa, na ni robo ya kitu, robo ile ile inayowatoa jasho kwenye hisabati.

Halafu kuna kitu nilikuwa sijakifikiria kabisa. Vitumbua lazima viumuke, unasubiri, na watoto sabini huwezi kuwaambia wakae tu wanaangalia ndoo. Tukaingia ndani tukasoma, wengine hadithi, wengine wakaandika hatua za bibi kwenye kaunta buku, wengine kila baada ya muda wanakimbia kuchungulia wanarudi wanatangaza "imepanda!". Sijawahi kuona kipindi cha maktaba kilichotulia vile. Sasa hivi nikipanga siku ya mapishi naanza kwa kuangalia chakula kina muda gani wa kusubiri, maana huo muda ndo wa vitabu.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, moto usiingie ndani hata kidogo, jiko la mkaa likae chini ya mwembe na mtu mzima ndo apike, watoto wakae mbali na mafuta. Kama hakuna mtu wa kupika fanya kachumbari au saladi ya matunda, huku kwetu machungwa yakiwa msimu hayana bei. Uliza mapema nani anadhurika na karanga. Usipange mwezi wa Ramadhani. Watu wanawe mikono kabla na baada, na makombo yote yafagiliwe siku ile ile, mende na panya wakishaingia kwenye makabati vitabu ndo basi tena.

Ombi langu ni kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963 na ambayo ina chuo chake cha ukutubi pale Bagamoyo, iwafikirie na sisi walimu tuliokabidhiwa funguo za maktaba bila mafunzo, tupewe hata semina ya siku mbili ya namna ya kupanga shughuli kama hizi. Na maafisa elimu wakikuta harufu ya iliki karibu na maktaba wasihamaki, waombe kwanza kuliona kaunta buku.

Lina mapishi 41 mpaka sasa, kwa mwandiko wa watoto wenyewe, na ukurasa wa vitumbua umeshaanza kuchakaa kwa kushikwa. Msomaji mwenye daftari la zamani la mapishi ya nyumbani kwao kwa Kiswahili, naomba atoe kopi aipelekee shule iliyo jirani naye.

Mwalimu wa maktaba,
Muheza, Tanga