Huyo mtu kwenye picha ana jina

Mhariri, ile picha mliyoitoa toleo lililopita, ya mtu aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba, mkaandika chini yake "mtumwa kutoka Afrika" halafu basi, imeniuma sana. Huyo anaitwa Ayuba Suleiman Diallo, mtu wa Bundu, Senegali ya leo, mtoto wa shehe, na aliyemchora ni William Hoare, mwaka 1733 Uingereza.

Hicho kitabu chekundu kinachoning'inia kifuani ni Kurani, na Ayuba alikuwa ameihifadhi yote, akiwa London akaiandika kwa mkono bila kutazamia popote. Na hizo nguo alizidai mwenyewe! Alitaka achorwe kwa mavazi ya kwao, mchoraji akasema hawezi kuchora nguo ambazo hajawahi kuziona, Ayuba akamuuliza, mbona nyie wachoraji mnamchora Mungu na hakuna aliyemwona? Sasa mtu wa namna hiyo unamwandikaje "mtumwa" tu kama vile hakuwa na mdomo?

Alivyofika huko ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1730 baba yake alimtuma Mto Gambia kwenye meli ya Waingereza akauze watu wawili, ndiyo, watu, na anunue karatasi. Bei hawakuelewana na kapteni, akavuka mto akawauza kwingine kwa ng'ombe, na akiwa njiani kurudi akakamatwa, akanyolewa kichwa na ndevu, akauzwa kwa kapteni yule yule. Akapelekwa Maryland kwenye mashamba ya tumbaku, baadaye akachungishwa ng'ombe, akawa anajificha msituni kuswali na kuna mtoto wa kizungu alikuwa anamfuata anamrushia uchafu usoni. Akatoroka, wakamfunga. Kilichomwokoa ni barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu, ilifika London, ikasomwa, naye akapelekwa Uingereza, watu wakachanga pesa akakombolewa, na 1734 akarudi Gambia akakuta baba ameshafariki.

Mimi simtetei kwa kuuza watu, linanisumbua mpaka leo kila nikiiona hiyo picha. Ila ndiyo maisha yake, yaandikeni yote. Naomba toleo lijalo muirudishe picha na jina lake kamili, na wale wawili aliowauza ng'ambo ya mto muwataje pia, maana wao hakuna aliyewachora.

Msomaji wenu